Swali la Binti Mmoja na Roketi ya Ngomeni

Wiki hii, ndugu zetu wasomaji, tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya adabu za ujirani. Makala hayo tumeyaweka kando, na tutayaleta wiki nyingine inshallah, kwa kuwa limetufika jambo ambalo hatuoni vyema kulinyamazia. Jambo lenyewe ni kosa, na mkosaji ni sisi. Twaliandika ili mzazi au mwalimu atakayekutwa na hali kama yetu asiteleze pale tulipoteleza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, madrasani, tumemaliza darasa la fiqhi na watoto wanafunga misahafu yao. Binti mmoja wa Kidato cha Pili akainua mkono. Alikuwa ameona katika simu ya mamake picha ya duara la moto lenye giza katikati, na mwalimu wake wa shule alikuwa amewaambia kuwa hilo ni shimo jeusi, na kwamba yako mashimo kama hayo ambayo ni mabaki ya nyota zilizokufa. Akatuuliza kwa sauti ndogo, "Maalim, kwani nyota hufa? Na ikifa, huenda wapi?"

Tulimjibu kwa ukali, "Hayo si mambo yako. Shughulika na yatakayokufaa." Wenziwe wakacheka. Binti akainamisha kichwa, akakunja mkeka wake, akatoka. Nasi tukaenda zetu tukidhani kuwa tumefundisha adabu.

Zikapita kama wiki tatu. Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, mama wa yule binti akaja mlangoni kwetu. Ni mwanamke mstahifu, mshoni wa nguo, ambaye hajapata kutujia kwa lawama hata siku moja.

"Masalkheri, Maalim," akasema. "Sikuja kulalamika, nimekuja kuuliza. Mwanangu amepewa shuleni fomu ya kuchagua masomo, naye ameifuta Fizikia, somo alilokuwa akilipenda kuliko yote. Nilipomuuliza sababu, akaniambia Maalim amesema si mambo yake. Basi nataka nijue, ni haramu?"

Tukasema, "La, Mama, si haramu."

"Basi mbona aliambiwa hivyo?"

Hatukuwa na la kumjibu. Jawabu la kweli, ambalo tulilificha wakati ule na leo twalidhihirisha mbele yenu, ni kwamba hatukujua kama nyota hufa ama haifi, na tuliona haya kusema "sijui" mbele ya watoto. Tulivisha ujinga wetu joho la dini, na mtoto akaondoka akiamini kuwa dini ndiyo iliyomfungia mlango. Haya yatufika sisi tuliosomeshwa kwamba Imam Malik, pamoja na bahari ya elimu aliyokuwa nayo, alikuwa akiulizwa maswali mengi na mengi katika hayo akajibu kuwa hajui.

Tulimwomba yule mama atupe muhula wa siku chache. Tukamwendea kijana mmoja jirani yetu anayesomesha Fizikia katika shule ya upili, tukakaa barazani kwake kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, tukauliza lile lile swali tulilomkemea binti. Kijana akatueleza kwa upole, kisha akatuambia neno lililotushangaza. "Maalim," alisema, "habari hii ya mashimo meusi haikuanzia mbali nasi. Sehemu yake kubwa ilianzia hapa Ngomeni."

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Mtu huvuka daraja la mto Sabaki, akapita Mambrui na Gongoni penye mashamba ya chumvi, kisha akakata kulia kuelekea baharini. Tumekwenda huko mara nyingi kwa maulidi na kwa mazishi. Yale majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu yake katikati ya maji tumeyaona tangu utoto wetu, tukasikia kuwa ni mambo ya Wataliani, ikaishia hapo.

Tuliona kuwa kosa lililofanyika mbele ya watoto lafaa kutengenezwa mbele ya watoto. Basi Jumamosi iliyofuata tukakodi matatu, tukawachukua wanafunzi wakubwa wa madrasa, wavulana na wasichana, pamoja na yule kijana mwalimu. Kina mama sita walifuatana nasi, na mama wa yule binti alikuwa miongoni mwao. Wakabeba bajia, viazi vya karai na maji ya ukwaju. Kabla gari halijaondoka tulisimama tukawaambia watoto wote kwamba juzi tulimjibu mwenzao vibaya, kwamba swali lake lilikuwa zuri, na kwamba twamtaka radhi. Binti hakusema kitu. Alijifunika uso kwa mtandio, na mamake akatazama nje ya dirisha.

Pwani ya Ngomeni tuliketi juu ya mchanga, majukwaa yakionekana kwa mbali, na kijana akaanza kusomesha. Haya tunayoyaandika hapa chini ndiyo tuliyoyapata kwake na katika vitabu tulivyosoma baadaye.

Katika miaka ya sitini mhandisi wa Kitaliano, Profesa Luigi Broglio, alikuwa akitafuta mahali pa kurushia roketi. Akapachagua hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba pako karibu na ikweta, takriban digrii 3 tu kusini yake. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na penye ikweta mzunguko huo una kasi ya kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure kabla hata ya kuwasha moto wake. Ya pili ni bahari. Upande wa mashariki hapana mji wala kijiji, ni maji matupu, hata kikianguka kipande cha roketi hakimdhuru mtu. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilipaa kutoka katika maji haya.

Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 tangu kupata uhuru. Ilikuwa ni setilaiti ya shirika la anga la Marekani, NASA, na msimamizi wa mradi wake alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Kwa kuwaenzi wenyeji wa nchi iliyowapokea, na kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa sikukuu yao, setilaiti ile ikaitwa kwa neno la Kiswahili, Uhuru. Jina hilo limeandikwa katika vitabu vya elimu ya anga vya ulimwengu mzima, na wanafunzi wa Japani na wa Ujerumani hulisoma mpaka leo. Watoto wetu waliozaliwa mwendo wa saa moja kutoka hapo walikuwa hawajalisikia, na sisi mwalimu wao tulikuwa hatujalisikia.

Je, setilaiti ile ilikwenda kutafuta nini? Kina mama wengi wanaijua eksirei ya hospitali, mionzi ipitayo ndani ya mwili ikaonyesha mfupa uliovunjika. Mionzi ya namna hiyo hutoka pia mbinguni, katika mahali palipo na joto lisilokisika. Lakini Mwenyezi Mungu ameizungushia ardhi hewa, na hewa hiyo huizuia mionzi isitufikie, na lau ingetufikia ingetudhuru. Hivyo mwenye kutaka kuiona mionzi hiyo hana budi kupanda juu ya hewa. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilifanya kazi hadi mwezi wa Machi 1973, na ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei mbinguni. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Hapo ndipo tunapolifikia swali la binti. Kijana alieleza kwamba nyota hubaki imara kwa sababu nguvu mbili zinashindana ndani yake. Uzito wake mwenyewe waivuta kwa ndani, na moto ulio kiini chake waisukuma kwa nje. Moto huo una kuni zake, na kuni hazikosi kwisha. Nyota kubwa sana inapomaliza kuni zake, ule msukumo wa nje hukoma na uzito ukashinda, nyota ikajiporomokea yenyewe. Kinachobaki chaweza kuwa kitu kidogo chenye uzito wa ajabu, na mvutano wake ukawa na nguvu hata nuru yenyewe isiweze kutoka. Kwa kuwa nuru haitoki, hakionekani. Kwa hivyo kikaitwa shimo jeusi.

Mvulana mmoja akauliza, na hatukumkemea, "Sasa kama hakionekani, mtu atajuaje kuwa kipo?"

Kijana akamwelekeza baharini. "Fikiri ni usiku wa giza," akamwambia, "nawe waona taa ya ngalawa moja. Taa yenda huku na huku ikizunguka mahali pamoja, haitoki ikaenda zake. Nanga huioni, kamba huioni. Lakini wajua kuwa ipo nanga, na ukiitazama sana ngalawa jinsi inavyovutwa, waweza hata kukisia uzito wa nanga."

Ndivyo ilivyokuwa. Uhuru ilionyesha kwamba chanzo kimoja cha eksirei kilikuwa kikimetameta kwa haraka mno, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, jambo ambalo kitu kikubwa hakiliwezi. Wataalamu walipoelekeza darubini zao hapo waliona nyota kubwa ya samawati ikizunguka kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kwa muda wa chini ya siku 6. Walipopima, wakakuta kitu kile ni kizito kupita kiasi cha kuwa kitu kingine chochote wanachokijua. Vipimo vya karibuni vinasema uzito wake ni kama wa jua letu mara 21. Kinaitwa Cygnus X-1, na ndicho kitu cha kwanza mbinguni ambacho wataalamu walikubaliana kuwa ni shimo jeusi. Nuru ya nyota inayokizunguka husafiri kiasi cha miaka 7,000 kabla ya kutufikia.

Hapa nasi tulipata la kuchangia. Hilo kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Cygnus, yaani bata maji, Waarabu waliliita Dajaja, yaani kuku, na nyota yake yenye kung'aa zaidi mpaka leo ulimwengu mzima huiita Deneb, neno lililotokana na dhanab, mkia. Ni mkia wa kuku. Usiku wa Agosti na Septemba mtu wa Malindi au wa Mombasa akitazama kaskazini ataiona. Wazee wetu hawakuwa wageni wa mbingu. Manahodha walivuka bahari kwa kamali na kwa Kilimia, na masheikh walisoma falaki ili wajue kibla na nyakati za sala. Abdulrahman al-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, na ndani yake akataja kiwingu kidogo ambacho leo chajulikana kuwa ni kundi kubwa la nyota lililo mbali mno. Ibn al-Haytham wa Basra alithibitisha kwa majaribio kuwa jicho huona kwa nuru inayoliingia. Hawakuogopa kuuliza. Sisi tuliowarithi tumechukua majina yao tukajivunia, na maswali yao tukayaacha barazani.

Tulipokuwa tukizungumza alikuja mzee mmoja mvuvi, amebeba nyavu begani, akatusalimu akaketi nasi. Alikuwa kijana wakati roketi zikirushwa. Alitueleza jinsi walivyozuiwa wasikaribie majukwaa siku kama hizo, kisha wakasikia ngurumo, wakauona moshi mweupe ukipanda hadi ukapotea. Binti wetu, kwa mara ya kwanza siku ile, akafungua mdomo. "Babu, mliwauliza ni nini kile kilichokwenda juu?"

Mzee akatikisa kichwa. "Tuliambiwa ni mambo ya Wazungu, mjukuu wangu. Hatukuuliza, na hapana aliyekuja kutwambia."

Neno la mzee lilituchoma. Yeye aliambiwa ni mambo ya Wazungu, na yule binti tukamwambia si mambo yake. Miaka zaidi ya 50 imepita baina ya kauli mbili hizo, na zote mbili zina maana moja.

Kuna kisa kingine kijana alikisimulia, nasi twakileta hapa kwa ajili ya kina baba na kina mama wenye mabinti. Huko Ireland ya Kaskazini alikuwapo msichana aitwaye Jocelyn Bell. Katika shule yake wavulana walipelekwa chumba cha sayansi na wasichana wakapelekwa kufundishwa mapishi na ushoni. Wazazi wake hawakuridhia. Walikwenda shuleni pamoja na wazazi wengine wakapinga, na binti yao akaruhusiwa kusoma sayansi. Mwaka 1967, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwenye umri wa miaka 24, alisaidia kwa mikono yake kujenga darubini ya redio ya nguzo na nyaya katika shamba, kisha akawa ndiye anayekagua mistari iliyochorwa na mashine kwenye karatasi zenye urefu wa mamia ya mita. Siku moja akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Wengine wangeipita. Yeye aliuliza ni nini, akaifuatilia, akakuta ni mpigo unaorudi kila baada ya sekunde 1.3 bila ya kukosea. Alikuwa amegundua palsa, yaani mabaki ya nyota iliyokufa yanayozunguka kwa kasi na kutoa mawimbi kama mnara wa taa unaomulika mabaharia. Nyota hufa, na huyu mwanafunzi ndiye aliyeona mapigo ya mmoja katika wafu hao.

Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi ule alipewa msimamizi wake, pamoja na mtaalamu mwingine. Yeye hakupewa. Mwaka 2018 alipata tuzo nyingine ya dola milioni 3, naye akaitoa yote iwe msaada wa masomo kwa wanafunzi wa Fizikia wanaotoka katika jamii zisizo na nafasi. Kina mama waliokuwa pwani ile walilinyamazia neno hili kwa muda, hata mmoja wao akasema, "Lau wazazi wake wangenyamaza, angepika tu." Wakacheka, na mpishi mmoja hodari aliyekuwa kati yao akasema kuwa angeweza kufanya yote mawili.

Ama ile picha ya duara la moto, ilitangazwa tarehe 10 Aprili 2019. Shimo lenyewe liko mbali sana kuliko lile la kwanza, katika kundi la nyota lijulikanalo kama M87, upande wa burji ya Sumbula, na nuru yake husafiri miaka milioni 55. Si mabaki ya nyota moja. Uzito wake ni wa jua letu mara bilioni 6.5. Kupata picha hiyo kulihitaji darubini kubwa kama dunia, na kwa kuwa darubini ya namna hiyo haijengeki, wataalamu waliunganisha darubini 8 zilizoko Hawaii, Arizona, Mexico, Chile, Uhispania na Ncha ya Kusini, zikatazama kwa wakati mmoja mwezi wa Aprili 2017. Habari zilizokusanywa zilikuwa nyingi hata hazikuweza kutumwa kwa intaneti, zikasafirishwa kwa ndege, na zile za Ncha ya Kusini zikangoja hadi majira ya baridi yapite. Mwezi wa Mei 2022 ikafuata picha ya shimo lililo katikati ya kundi letu wenyewe la nyota, upande wa burji ya Kausi, lenye uzito wa jua mara milioni 4.

Katika habari hiyo yote lililotuvutia sana ni jinsi walivyojihadhari. Watafiti waligawanywa makundi manne, kila kundi likatengeneza picha peke yake bila ya kuzungumza na jingine, wakachelea wasije wakaona kile wanachotamani kukiona. Kisha wakakutana wakalinganisha, na picha zikawafikiana. Mwenye kusoma elimu ya hadithi ataitambua mara moja adabu hii. Wanazuoni wetu hawakukubali riwaya kwa kuwa ni tamu. Waliuliza nani kapokea kwa nani, walikutana wapi, na njia zilizotoka miji mbalimbali zinasemaje. Mwandamo wa mwezi nao twautakia mashahidi. Mtoto aliyefundishwa kupima sanadi amekwisha kufundishwa nusu ya tabia ya mwanasayansi, na hapana sababu ya kumwambia kuwa mlango wa madrasa na mlango wa maabara hutazama pande zinazochukiana.

Hatuna budi kuwatahadharisha masheikh wenzetu na sisi wenyewe juu ya makosa mawili. La kwanza ni lile tulilolifanya, kukataa kitu kwa kuwa hatukijui. La pili ni kinyume chake, nalo limeenea siku hizi katika simu zetu. Kukitangazwa ugunduzi leo, kesho mtu huchukua aya akaambia watu kuwa palsa imetajwa hapa na shimo jeusi limetajwa pale. Nia yake huenda ikawa njema. Lakini Qur'ani Tukufu ni haki isiyobadilika, na nadharia za wanasayansi hubadilika, na wao wenyewe hawaoni aibu kuzibadilisha ushahidi mpya unapokuja. Ukiifunga aya kwa kamba ya nadharia, na nadharia ikaanguka miaka 20 baadaye, mtoto uliyemfundisha atadhani kuwa aya imeanguka. Tafsiri ina masharti yake na watu wake. Inatutosha kwamba neno la kwanza lililomshukia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, lilikuwa ni amri ya kusoma, na kwamba tumeamrishwa kutafakari katika uumbaji wa mbingu na ardhi. Tutafakari basi, na tuache kila elimu iseme kwa ulimi wake.

Twawanasihi wazazi mambo machache. Kwanza, mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie "sijui, twende tukaulize," kisha mwende kweli. Ahadi isiyotimizwa ni mbaya kuliko ukali wetu. Pili, ile simu inayolaumiwa kila siku majumbani mwetu yaweza kuwa dirisha ikiwa mama au baba ameketi kando ya mtoto wakatazama pamoja. Tatu, fomu ya kuchagua masomo inapoletwa nyumbani, isitiwe sahihi kwa haraka baina ya kupika na kulala. Mwulizeni mtoto anapenda nini na kwa nini ameacha alichokiacha. Huenda mkasikia jina la mtu mzima aliyemvunja moyo, na huenda mtu huyo ni maalim wake. Nne, usiku umeme unapokatika, msikimbilie kulala. Tandikeni mkeka uani, mwonyesheni Kilimia.

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Mwezi wa Mei 2018 kijisetilaiti kilichoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, kisanduku cha sentimita 10 kwa kila upande, kiliachiwa angani kutoka kituo cha anga cha kimataifa, kikawa setilaiti ya kwanza ya Kenya. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyoundwa kuipiga picha ardhi yetu kwa faida ya kilimo na mazingira. Hiyo ilirushwa kutoka California. Majukwaa ya Ngomeni yangali yamesimama, na tangu mwaka 1988 hakuna setilaiti iliyopaa kutoka hapo. Siku itakapopaa nyingine, twataka miongoni mwa watakaohesabu sekunde awemo mtoto wa Mambrui, wa Lamu au wa Kisauni.

Mwalimu wa shule alikubali fomu ile ibadilishwe, na Fizikia ikarudi. Baba yake binti alisita kidogo, akihofia kuwa masomo hayo ni marefu na hayana mwisho unaoonekana. Mkewe ndiye aliyezungumza naye, na waliyozungumza ni ya nyumbani kwao. Hatujui kama binti atafika chuo kikuu au hatafika. Hilo liko kwa Mola wake. Tunalojua ni kwamba hatutakuwa sisi tuliomzuia.

Jumamosi iliyopita, baada ya darasa, mkono wake ukainuka tena. "Maalim, na kile kinachoingia ndani ya shimo jeusi, huenda wapi?"

Wenziwe wakatugeukia, wakingoja. Tukasema, "Sijui. Na waliopiga ile picha pia hawajui bado." Darasa likacheka, na binti naye akacheka, akatoa kalamu akaliandika swali lake nyuma ya daftari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazee wao unyenyekevu wa kusema tusichokijua. Amin.